Rudisheni Nafasi Kati ya Mkopo na Dau: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Kamari na Mikopo ya Simu

Kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kamari ya Kenya, kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, na kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Taifa:

Nawaandikia kwa heshima nikiwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na wakala wa pesa za simu mtaani Kariobangi, si mbali na vibanda vya mafundi wa Light Industries. Kazi ya kwanza niliifanya kwa miaka 32. Ya pili naifanya tangu 2015. Kazi hizi zimenikutanisha na vijana wale wale mara mbili: kwanza wakiwa watoto wanaohangaika na asilimia na desimali, kisha wakiwa watu wazima wenye vitambulisho, wanaosimama mbele ya dirisha langu kuweka kwenye simu pesa ambazo, kwa maneno yao wenyewe, hazitalala humo hata dakika kumi. Nataka kusema nanyi kuhusu kamari ya michezo, ambayo sheria yetu inairuhusu, na hasa kuhusu jinsi ilivyoungana na mkopo wa simu hadi kijana hawezi tena kuona mpaka kati ya pesa aliyo nayo na pesa asiyo nayo.

Duka la wakala lina akiba mbili: pesa taslimu zilizo sandukuni, na floti iliyo kwenye simu. Mteja akiweka pesa, floti hupungua na sanduku hujaa. Akitoa, huwa kinyume chake. Katika mtaa wa watu wanaolipwa kwa siku au kwa wiki, akiba hizi zilikuwa zikifidiana, na nilipofungua duka sikuhitaji kwenda benki zaidi ya mara mbili kwa wiki. Siku hizi floti yangu ya Jumamosi huisha kabla ya saa kumi na moja jioni, saa ambayo mechi nyingi za ligi ya Uingereza huanza kwa majira yetu (Ulaya ikiingia baridi huwa saa kumi na mbili), halafu Jumapili na Jumatatu sanduku hubaki limejaa kwa sababu hakuna anayekuja kutoa. Najua si kila anayeweka pesa Jumamosi anabeti. Wapo wanaolipa kodi ya nyumba na wapo wanaowatumia wazazi mashambani. Lakini anayelipa kodi huweka mara moja na kwenda zake. Kijana ninayemzungumzia huweka mia mbili saa tisa, mia moja saa kumi na nusu na hamsini saa moja usiku, na kila mara husimama pale pale nje akiinamia simu.

Kila anapoweka, mimi hupata kamisheni. Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki mtu adhani nawanyooshea wengine kidole nikiwa nimekaa kando. Mnyororo huu unamlipa wakala, unalipa mtandao wa simu, unamlipa mkopeshaji, unailipa kampuni ya kamari na unailipa Hazina ya Taifa. Anayelipa wote hao ni mmoja.

Naomba niwaeleze habari za kijana mmoja tu, bila jina, kwa idhini yake. Nilimfundisha darasa la sita. Sasa ana miaka 23 na ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa akiweka akiba ya kununua mashine yake mwenyewe ili aache kumlipa mwenye kibanda kila siku, na alikuwa amefikisha shilingi 18,000, akiba ya miezi kumi na mmoja. Jumamosi moja alipoteza 2,000 kwenye tiketi ya mechi kadhaa iliyoharibiwa na bao la dakika za mwisho. Akataka kuzirudisha. Kufikia saa tatu usiku akiba yote ilikuwa imekwisha, na ndani ya saa moja na nusu iliyofuata alikopa kwa wakopeshaji watatu, kila mmoja kupitia simu ile ile, na mikopo yote mitatu ikapita njia ile ile. Wiki mbili baadaye mmoja wa wakopeshaji hao alikuwa akimpigia simu mama yake. Nilipomuuliza hakuona hatari alipokuwa akikopa mara ya tatu, alinijibu neno ambalo limekaa moyoni mwangu hadi leo: "Mwalimu, hata sikuhisi nimekopa. Niliona tu salio limepanda."

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Mcheza kamari wa zamani alipoishiwa, ilimbidi ainuke. Mfuko ulikuwa mtupu, na ili aendelee ilimlazimu aende nyumbani, au amkabili rafiki na kumwomba, na rafiki huyo angemtazama usoni kabla ya kumpa. Kinga hiyo haikubuniwa na mtu yeyote wala haikuandikwa katika sheria. Ilitokana tu na umbali uliokuwepo kati ya tamaa na pesa. Sheria yetu ya zamani ya kamari, ile ya mwaka 1966, Sura ya 131, ilitungwa katika dunia yenye umbali huo. Kisha mwaka 2007 ikaja M-Pesa, ambayo mimi binafsi naiona kuwa miongoni mwa mambo mema sana yaliyowahi kumfikia mtu wa kipato cha chini katika nchi hii. Mikopo ya simu ikafuata, na kampuni za kubeti mtandaoni zikaenea kuanzia katikati ya muongo wa 2010. Leo kifaa kimoja kiganjani ndicho pochi, ndicho benki, ndicho mkopeshaji na ndicho meza ya kamari. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka 2017, uliowahoji vijana wa miaka 17 hadi 35 katika nchi sita za Afrika, uliikuta Kenya mbele ya zote: asilimia 76 walisema wamewahi kucheza kamari au kubeti. Vijana wetu si wabaya kuliko wa nchi jirani. Tulitangulia kuziondoa hatua zote za katikati, na hatukuweka chochote mahali pake.

Mniruhusu sasa nirudi darasani kidogo, maana nina hakika vijana wengi wanabeti bila kuambiwa hesabu ambayo kampuni inaijua kwa ukamilifu. Chukueni mechi moja yenye odi, yaani mara ngapi ya dau mshindi hulipwa, za 2.00 kwa timu ya nyumbani, 3.40 kwa sare na 3.60 kwa wageni. Mkigawanya mia kwa kila odi mtapata 50, 29.4 na 27.8, ambazo jumla yake ni 107.2. Matokeo halisi hayawezi kuzidi mia. Hiyo saba na ushei ya juu ni fungu ambalo kampuni imejiwekea kabla mpira haujapigwa. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, kila shilingi mia inayowekwa hurudi kama tisini na tatu. Mtu aweza kusema hiyo si hasara kubwa kwa anayejiburudisha. Lakini kijana wa Kariobangi habeti mechi moja, kwa sababu mechi moja kwa dau la shilingi hamsini haimbadilishii maisha. Anaunganisha mechi kumi kwenye tiketi moja ili hamsini iandikwe kuwa maelfu, na lile fungu la kampuni huzidishwa kwa kila mechi anayoongeza: katika mechi kumi zenye odi za namna hiyo, wastani wa kinachorudi kwa kila mia ni kama hamsini tu. Hata kama angekuwa hodari wa kubashiri kiasi cha kupatia mechi sita katika kila kumi, uwezekano wa kupatia zote kumi kwa pamoja ni takriban sita katika elfu moja. Kuhusu jakpoti ya mechi 17, kwa kuwa kila mechi ina matokeo matatu, njia za kuijaza ni 129,140,163, na iliyo sahihi ni moja tu.

Mfuko wa unga wa kilo mbili lazima uandikwe uzito wake, na muuzaji anayepunja mizani hushtakiwa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazozihitaji na haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Tena kinalitaka Bunge litunge sheria kuhusu matangazo yaliyo ya haki, ya kweli na yenye staha. Sijui kwa nini tiketi ya kamari iwe bidhaa pekee mtaani inayouzwa bila mnunuzi kuonyeshwa kilichomo. Ingetosha kuandikwa, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, karibu kabisa na kitufe cha kuthibitisha dau: "Kwa kila shilingi 100 zinazochezwa kwenye tiketi za aina hii, wastani wa shilingi 50 ndizo hurudi."

Na angalau mpira una dakika tisini. Kwenye programu hizo hizo za kubeti mpira umeingia mchezo wa ndege, ambao kijana huweka dau, ndege ikapaa huku namba ikipanda, naye akatakiwa kuitoa pesa yake kabla ndege haijatoweka. Raundi moja huisha kwa sekunde chache na nyingine huanza papo hapo. Hakuna timu, hakuna mchezaji, hakuna chochote cha michezo ndani yake. Mchezo wa aina hii unauzwa kama pacha wa kubashiri mechi ilhali unamwondolea mchezaji hata ule muda wa kungoja kipenga cha mwisho. Vijana wanaonieleza kwamba walimaliza mshahara wa wiki nzima kabla ya chakula cha mchana, kwa kawaida huwa wanazungumzia ndege.

Kuhusu matangazo sitasema mengi. Aprili 2025 Serikali iliyasimamisha yote kwa siku 30, na hatua hiyo ilionyesha kwamba jambo hili linawezekana kila panapokuwa na nia. Naomba tu msidhani kuwa tangazo ndilo tatizo zima. Kijana aliyekwisha kuzoea hahitaji tena kuambiwa.

Waheshimiwa, mkitazama nyuma mtaona kwamba tangu 2017 mjadala wa nchi hii kuhusu kamari umekuwa mjadala wa asilimia za kodi. Bajeti ya mwaka huo ilipendekeza asilimia 50 ya mapato ya kampuni. Ikaishia 35 kuanzia Januari 2018, na Sheria ya Fedha ya 2018 ikaishusha hadi 15. Novemba 2019 ukaja ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau, ukafutwa katikati ya 2020, ukarudi 2021 ukiwa 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023 na 15 mwishoni mwa 2024, kisha tangu Julai 2025 ukageuzwa kuwa asilimia 5 ya pesa ambazo mchezaji anaweka kwenye akaunti yake ya kamari. Kila mara tuliambiwa kuwa lengo mojawapo ni kuwakinga vijana. Mimi nimekuwa dirishani kwa kipindi chote hicho, na sijaona kodi iliyowahi kumfanya kijana mmoja asimame kidogo afikirie, kwa sababu kodi haionekani wakati wa kuweka dau. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ushuru wa sasa huchukuliwa pale pale pesa inapoingia kwenye kamari, kwa hiyo Hazina hupata fungu lake hata kama pesa hiyo ni ya mkopo uliopokewa dakika mbili zilizotangulia.

Siombi kamari ipigwe marufuku. Kijana wa miaka 20 ni mtu mzima, anapiga kura na anaoa, na sina haki ya kumwamulia afanye nini na jasho lake. Naelewa pia hoja kwamba ukibana mno, wachezaji watahamia kwenye tovuti za ng'ambo zisizojua sheria yetu, na sijasahau kwamba Januari 2018, kodi ya asilimia 35 ilipoanza, SportPesa iliondoa udhamini wake na klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zikitafuta nauli. Hoja hizo zina uzito. Hakuna hata moja kati yazo, hata hivyo, inayohalalisha kubeti kwa pesa ya mkopo. Uhuru ninaouheshimu ni wa mtu kuchezea pesa yake.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: mkopo wa simu unapoingia kwenye laini, laini hiyo isiweze kulipa kampuni yoyote ya kamari kwa saa 48. Kumkataza mwenye kamari asikopeshe hakutoshi, kwa sababu anayekopesha ni mwingine kabisa. Uwezo wa kulifanya hili upo. Tangu Kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali, wakopeshaji hao wako chini ya leseni ya Benki Kuu, na kampuni za kamari nazo ziko chini ya leseni yenu nyinyi wa Mamlaka. Mkopo huingia kutoka nambari inayojulikana, dau hutoka kwenda nambari inayojulikana, na katikati kuna laini moja iliyosajiliwa kwa kitambulisho kimoja. Julai 2019, Serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni 27, iliagiza nambari zao za Paybill, yaani zile za kupokea malipo ya simu, zifungwe. Sitaki kurudia kesi zilizofuata, ila nakumbusha kwamba hakuna aliyesema njia hiyo ya pesa haiwezi kufungwa. Uingereza, ambako mpira tunaoubetia unachezwa, ilipiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo tangu tarehe 14 Aprili 2020. Kwetu sisi kadi ya mkopo ni simu.

Nitaambiwa kwamba kijana atatoa mkopo kama pesa taslimu kisha aje dukani kwangu kuziweka upya. Na aje. Atakuwa ameinuka. Atakuwa ametembea, amepanga foleni, ameshika noti mkononi, na huenda akanikuta mimi nikimuuliza habari za mama yake. Wengine wataweka hata hivyo. Wengine, najua kwa sababu nimewaona, watasita.

Pamoja na hilo, wenye umri wa miaka 18 hadi 24 wawekewe kikomo cha hasara kwa wiki, na kikomo hicho kifuate kitambulisho badala ya akaunti, kwa kuwa kijana mmoja huwa na akaunti katika kampuni nne au tano. Kwa nini umri huo? Kwa sababu ndio umri wa kipato cha kwanza, mara nyingi cha vibarua, na wa mkopo wa kwanza, wakati uwezo wa kuzuia msukumo wa ghafla bado unakomaa. Wengine wamekwisha kuliona hili: Uingereza imeweka kikomo cha pauni 2 kwa kila mzunguko wa mashine za kamari za mtandaoni kwa wenye miaka 18 hadi 24 tangu Mei 2025, huku wenye miaka 25 na zaidi wakiruhusiwa pauni 5, Ubelgiji ilipandisha umri wa kubeti michezo hadi 21 tangu Septemba 2024, na majimbo mengi ya Marekani yaliyohalalisha kamari hii baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Mei 2018 nayo yanataka miaka 21. Mchezo wa ndege na mifano yake itenganishwe na programu za kubeti michezo na ipewe leseni yake na masharti yake. Na kuwe na daftari moja la taifa ambalo mtu akijiandikisha kwa kitambulisho chake, kampuni zote zinamfungia, si ile moja aliyoiomba huku nyingine zikiendelea kumtumia ujumbe wa kumkaribisha. Fundi wangu wa kuchomelea aliomba afungiwe na kampuni moja; Ijumaa hiyo hiyo alipokea ujumbe wa dau la bure kutoka kwa nyingine.

Kabla ya kuandika barua hii nilikwenda katika ofisi moja ya umma hapa Nairobi kuuliza ni nani anayeweza kuzuia mkopo wa simu usiende moja kwa moja kwenye kamari. Niliambiwa kwamba suala la kamari haliko kwao. Nikaenda katika nyingine, nikaambiwa kwamba suala la mikopo haliko kwao. Maafisa wote wawili walinipokea kwa adabu, na naamini kila mmoja alinieleza ukweli kwa kadiri ya mamlaka yake. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwenu nyote kwa pamoja, nikiomba jibu la maandishi kwa swali moja: Benki Kuu inayosimamia mkopo na Mamlaka inayosimamia dau zikishindwa kukubaliana, ni ipi kati yenu yenye mamlaka ya kuamuru zile saa 48, na kama hakuna, ni mbunge gani ataleta mswada wa kumpa mmoja wenu mamlaka hiyo?

Wenu kwa heshima,

Mwalimu mstaafu na wakala wa pesa za simu,
Kariobangi, Nairobi